Aliyezidishiwa na Aliyeiba Si Mtu Mmoja

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hakuna anayelibishia neno hilo, hata yule mwenye madeni mengi kuliko nywele za kichwa chake. Lakini wahenga hao hao walisema pia: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wiki hii nataka tuziweke methali hizi mbili kwenye mizani moja, kwa sababu kuna jambo linazihitaji zote mbili kwa pamoja.

Jambo lenyewe ni hili. Serikali inatoa fedha za kuwasaidia watu maskini. Baada ya muda inagundulika kuwa mtu fulani amelipwa zaidi ya stahili yake, au amelipwa wakati hakustahili kabisa. Je, tumfanye nini? Tumdai arudishe? Tumpeleke mahakamani? Au tumwache kwa kuwa ni maskini? Ukiyauliza maswali haya pale kwenye kijiwe cha kahawa, utapata majibu kumi kwa watu watano. Mimi nimeona tuyatafute majibu katika historia, na safari yetu tuianzie Bagamoyo, kwa kuwa mji ule na pwani yake mpaka Saadani umekwisha kuyaona mambo haya kwa sura nyingi.

Katika karne ya 19, Bagamoyo ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda bara. Wapagazi kwa maelfu waliingia na kutoka kila mwaka, wengi wao Wanyamwezi, pamoja na waungwana wa Unguja na wa mwambao. Mpagazi hakuanza safari kwa ahadi tupu. Alitanguliziwa sehemu ya ujira wake, kwa doti za merikani au kwa fedha, ndipo ajitwike mzigo. Henry Morton Stanley alipopita Bagamoyo mwaka 1871, na tena mwaka 1874, alifanya hivyo hivyo. Baadhi ya watu wake walipokea malipo ya mwanzo kisha wakatoroka njiani. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa wakati ule vimejaa malalamiko hayo: mpagazi mwongo, mpagazi mwizi, mpagazi amekula fedha ya watu akakimbia.

Wapo waliotoroka kwa hila, hilo hatulikatai. Lakini wanahistoria walioichunguza kazi ya upagazi, kama vile Stephen Rockel, wametuonyesha upande wa pili. Mpagazi alikuwa na sababu zake. Mara nyingine posho ilipunguzwa njiani. Mara nyingine mzigo uliongezwa kupita ule waliopatana. Mara nyingine alichapwa viboko, au msafara ulipelekwa kwenye vita visivyokuwamo katika mapatano. Kutoroka kulikuwa namna yake ya kusema, "Mkataba mmeuvunja nyinyi." Ila yeye hakuandika kitabu. Aliyeandika kitabu alikuwa mdai, na mdaiwa akabaki na jina la mwizi mpaka leo.

Tena, Stanley huyo huyo alilalamika kwamba mfanyabiashara aliyemtafutia wapagazi hapo Bagamoyo alimwandikia hesabu zilizopandishwa. Kwa hiyo palikuwa na watu wawili waliotuhumiwa kula fedha za msafara: mmoja alitoroka na doti chache begani, mwingine alikaa na kalamu na daftari. Wa kwanza akikamatwa alipigwa. Wa pili alijadiliwa hesabu mpaka wakaelewana. Tafadhali mkumbuke mfano huo, kwani tutakutana nao tena.

Sasa tuje kwa askari. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliletwa na Wajerumani kupigana na Abushiri bin Salim na wenzake, naye akaja na askari wa kukodi, wengi wao Wasudani. Kutoka kwa hao, pamoja na wenyeji walioandikishwa baadaye, likakua jeshi la Kijerumani katika nchi hii. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Paul von Lettow-Vorbeck alijisalimisha huko Abercorn, yaani Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Askari wake weusi waliachwa na mishahara ambayo hawajalipwa. Miaka ikapita, utawala wa Mwingereza ukaja na kuondoka, nasi tukapata Uhuru. Ndipo katika miaka ya 1960 Serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa wale waliokuwa bado hai.

Hapo likazuka tatizo ambalo kila ofisi ya malipo inalijua: nani ni askari wa kweli, na nani ni mzee tu aliyesikia kuwa kuna fedha? Inasimuliwa kwamba wazee walipojitokeza, wachache tu walikuwa na vyeti. Wengine walikuja na vipande vya sare zilizochakaa, na wengine hawakuwa na kitu. Basi mlipaji akampa kila mmoja fagio, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Inasemekana hakuna mzee hata mmoja aliyeshindwa. Miaka zaidi ya arobaini ilikuwa imepita, lakini mikono yao ilikuwa haijasahau.

Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho. Mimi nakiona kuwa ni somo. Mlipaji yule angeweza kusema, "Huna cheti, nenda zako." Angeweza pia kumlipa kila mwenye mvi. Badala yake alitafuta ushahidi ambao maskini aliweza kuutoa, na ambao tapeli asingeweza kuuiga. Uhakiki mzuri ndivyo unavyokuwa: unamkamata mwongo bila ya kumfedhehesha mkweli.

Hata hivyo, msikilizaji, kwa kila askari aliyelipwa walikuwapo wapagazi wengi wa vita hivyo hivyo ambao hawakulipwa. Wengi wetu hapa Dar es Salaam tunapita Kariakoo kila siku bila ya kukumbuka kuwa jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza, ambao kambi yao ilikuwa pale. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa katika vita vile, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mishahara ya marehemu wengi haikuchukuliwa na mtu, kwa kuwa ndugu zao hawakujulikana walipo. Wapo maofisa wa makoloni waliopendekeza fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika. Serikali ya London haikukubali. Fedha ile ikabaki kwa aliyekuwa nayo.

Nimelitaja hilo kwa sababu moja. Tunapozungumza juu ya fedha zilizolipwa kimakosa, mazungumzo huenda upande mmoja tu: mnyonge amelipwa zaidi, arudishe. Ni mara chache tunauliza ni wanyonge wangapi wamelipwa pungufu, au hawakulipwa kabisa. Wafanyakazi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, jumuiya iliyovunjika mwaka 1977, wanalijua hilo kuliko mimi. Nchi tatu zilisaini mkataba wa kugawana mali na madeni mwaka 1984, lakini hapa kwetu makubaliano ya kuwalipa wazee hao yalifikiwa mahakamani mwaka 2005. Wako waliokufa wakiwa bado wanasubiri. Mdaiwa akiwa mkubwa, deni huweza kulala miaka 28. Mdaiwa akiwa mdogo, deni halilali hata siku moja.

Naomba sasa mniruhusu nitoe kisa cha nyumbani kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini, hapa Dar es Salaam tulikuwa na maduka ya kaya. Kila kaya ilikuwa na kadi, na kadi ilionyesha idadi ya watu. Sukari, unga, mchele na sabuni viligawiwa kwa kadri ya idadi hiyo. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa dukani, nami niliijua foleni ile vizuri kuliko nilivyoijua hesabu ya kuzidisha.

Kadi yetu ilikuwa na majina tisa. Nyumbani tulikuwa saba. Mjomba wangu na mkewe walikuwa wamehamia Saadani kuvua, na bibi hakwenda kusema. Sijui kama alisahau au aliona ni busara kusahau. Siku moja balozi wa nyumba kumi akaja na daftari lake. Akamwamkia bibi kwa heshima zote, akakaa kwenye mkeka, akasema:

"Bibi, kadi yako ina watu wawili ambao hawapo. Kuna watu wa mtaa wanalalamika. Hii sukari iliyozidi tunatakiwa tuirudishe."

Bibi alimtazama kitambo, kisha akamjibu: "Mwanangu, uji umeshanywewa. Nikurudishie nini, sufuria?"

Balozi alicheka, lakini hakuondoka hivi hivi. Alikata yale majina mawili kwenye kadi mbele yetu sote. Halafu akasema kuwa kwa miezi minne tutapunguziwa kidogo kidogo, na hicho kinachopunguzwa apewe jirani yetu aliyekuwa amejifungua, ambaye jina la mtoto wake lilikuwa halijaandikwa. Bibi akakubali. Hakuitwa mwizi, na wala hakuachwa aendelee. Mpaka leo sijaona hukumu iliyonipendeza kuliko ile.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Mtaa mzima ulijua kuwa magunia ya sukari yalitoka kwa mlango wa nyuma usiku, yakauzwa kwa bei ya kuruka. Huyo aliyeuza hakuna aliyekwenda kukaa kwenye mkeka wake na daftari. Sisi tulipunguziwa sukari, yeye akaongeza chumba.

Ni kweli kwamba mwaka 1983 Serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliendesha msako mkubwa wa wahujumu uchumi. Watu wengi walikamatwa, wakubwa kwa wadogo. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini sheria maalumu iliyotungwa mwaka huo iliwanyima watuhumiwa haki za kawaida za mahakamani, na haukupita muda, mwaka 1984, ikabidi itungwe sheria nyingine mahali pake. Tulijifunza kwamba hasira ya haki, isipopewa utaratibu wa haki, huwapitia na wasiohusika.

Baada ya hapo turudi tena Bagamoyo, safari hii katika zama zetu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Mfuko huo ulipotaka kujaribu kuzipa kaya maskini fedha taslimu, ulichagua wilaya tatu za majaribio: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 vilihusika katika utafiti, 40 vikaanza kulipwa na 40 vikasubiri ili wataalamu waone tofauti. Malipo ya kwanza yalitoka Januari 2010. Kaya ililipwa kila baada ya miezi miwili, kiasi kinacholingana na dola 12 hadi 36 za Marekani kwa kutegemea idadi ya watoto na wazee.

Fedha hizo zilikuwa na masharti. Watoto waende shule, wadogo wapelekwe kliniki, na wazee nao wakapimwe afya. Kaya isiyotimiza masharti ilipata onyo, kisha ilikatwa. Neno "makato" likaingia katika msamiati wa vijiji. Majina ya walengwa yalipendekezwa na kamati za vijiji vyenyewe, yakapitishwa kwenye mkutano wa kijiji, na takwimu za kila kaya zikapimwa ili kuona kama umaskini wake unalingana na vigezo.

Matokeo ya majaribio yale yalichapishwa mwaka 2014, nayo yaliwashangaza wale waliodhani maskini akipewa fedha atakwenda kuinywea pombe. Kaya zilizopewa zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, ziliwanunulia watoto viatu, na zilinunua mifugo midogo kama kuku. Utafiti mwingine kuhusu vijiji hivyo hivyo ulionyesha kuwa watu waliolipwa waliwaamini zaidi viongozi wao wa kijiji. Yaani fedha iliyotolewa kwa uwazi iliwanunulia viatu watoto, na ikawanunulia viongozi heshima.

Mpango ukapanuliwa nchi nzima, na ilipofika mwaka 2015 ulikuwa umefikia kaya zaidi ya milioni moja. Kupanuka haraka kuna gharama yake. Mwaka 2016, Serikali ya awamu ya tano ilipoagiza uhakiki, kaya zaidi ya 55,000 ziliondolewa katika orodha. Magazeti yakaziita "kaya hewa". Sauti zikasikika za kutaka walioila fedha ile wairudishe, na walioisimamia wachukuliwe hatua.

Naomba tusimame kidogo kwenye neno hilo, hewa. Lilikuwa limepata umaarufu mwaka ule ule kwa wafanyakazi hewa wa Serikali, ambao idadi yao ilipita 10,000 ilipofika Mei 2016 na ikaendelea kupanda. Mfanyakazi hewa ni jina lisilo na mtu. Mshahara unatoka, mtu hayupo, kuna mkono unaupokea. Huo ni wizi, hauna jina jingine. Lakini katika orodha ya kaya zilizoondolewa, hewa ilibebeshwa watu wa aina nyingi tofauti. Wapo waliokufa. Wapo waliohama. Wapo ambao hali zao hazikuwa za umaskini tangu mwanzo, wakiwamo viongozi waliojiandika. Na wapo waliokuwa maskini siku ya kuandikishwa, kisha wakajikwamua kidogo. Je, hao wote ni kitu kimoja?

Mjane aliyeandikwa kihalali, ambaye kijana wake baadaye amepata kazi ya bodaboda akamwezekea nyumba kwa mabati, ametenda kosa gani? Mpango wenyewe ulianzishwa ili apate mabati. Ukimwita hewa kwa sababu umefanikiwa, basi umemwadhibu kwa kufanikiwa kwako. Mwondoe kwenye orodha kwa amani, umpe nafasi hiyo mwenye shida zaidi, umpongeze. Kumdai fedha za miaka iliyopita ni jambo jingine kabisa.

Ndiyo maana nasema aliyezidishiwa na aliyeiba si mtu mmoja. Kwa maoni yangu tunao watu watatu, na kila mmoja ana dawa yake.

Wa kwanza ni yule aliyelipwa zaidi kwa kosa la ofisi. Karani amekosea, au mashine imeandika watoto sita badala ya watatu. Mpokeaji hakudanganya. Hapa aliyekosea ndiye abebe mzigo wa kusahihisha. Kama kiasi ni kidogo na kimeshaliwa, kisamehewe. Kama ni kikubwa, kikatwe kidogo kidogo, kaya isilale njaa.

Wa pili ni yule aliyebadilikiwa na hali asiseme, kama bibi yangu. Huyu ana lawama, lakini lawama yake haifiki polisi. Asahihishiwe kadi, apunguziwe kwa kiasi anachokimudu, aelezwe kwa lugha anayoielewa kwamba mabadiliko ya kaya lazima yaripotiwe. Na ofisi nayo ijiulize: je, ilimrahisishia njia ya kuripoti, au alitakiwa apande basi kwa nauli inayokaribia ruzuku yenyewe?

Wa tatu ni tapeli. Huyu amebuni majina, ameghushi saini, amejiandika yeye na shemeji zake akijua hawastahili, au amekaa na fedha ya marehemu akiweka dole gumba lake mwenyewe. Kwa huyo sina huruma. Kanuni ya Adhabu inasema anayejipatia mali kwa njia ya udanganyifu anaweza kufungwa hadi miaka saba, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ipo. Itumike. Fedha ya maskini ikiibwa, wizi ule ni mara mbili, maana aliyeibiwa hana akiba ya kumfidia.

Tatizo ni kwamba sisi binadamu humwendea kwanza aliye karibu na asiyeweza kukimbia. Kaya maskini haina wakili. Mwenye kalamu anayo ofisi. Mnakumbuka Stanley, mpagazi na mfanyabiashara wa Bagamoyo? Mwaka 2019 Rais John Magufuli alitoa nafasi kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa mahabusu kukiri na kurejesha fedha. Mkurugenzi wa Mashtaka wa wakati ule, Biswalo Mganga, alimweleza kuwa watuhumiwa 467 walikuwa tayari kurejesha shilingi bilioni 107.8. Sina nia ya kuijadili hekima ya uamuzi ule. Ninachosema ni hiki: kama mwenye kudaiwa mabilioni anapata nafasi ya kukaa mezani na kujadiliana, basi mama wa Miono au Mkange anayedaiwa shilingi elfu arobaini naye akalishwe mezani. Asiandikiwe tu barua.

Tena hata kwa mwenye hatia dhahiri, kuna mipaka. Mwaka 2017 watumishi wa umma 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Mshahara ulikoma, ajira ilikoma. Lakini ile michango waliyokuwa wamekatwa kwenda kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii ilikuwa jasho lao. Mwaka 2022, Serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ikaruhusu warudishiwe michango yao. Wako waliokasirika kwamba waongo wamebembelezwa. Mimi naona ni ile methali niliyoanza nayo: mnyongeni, haki yake mpeni.

Msidhani jambo hili ni la nchi maskini tu. Nchini Uholanzi, mamlaka ya kodi iliwatuhumu maelfu ya wazazi kwamba wameiba ruzuku ya malezi ya watoto. Wengine walidaiwa ruzuku yote kwa kosa dogo la fomu, na wazazi wenye asili ya kigeni ndio waliochunguzwa zaidi. Familia zilifilisika, ndoa zikavunjika, watoto wakachukuliwa. Ukweli ulipojulikana, serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021. Nchini Australia, kompyuta ilipewa kazi ya kutafuta waliolipwa zaidi. Ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima, ikakigawa sawasawa kwa kila wiki mbili, kana kwamba kibarua hupata sawa siku zote. Zaidi ya watu 400,000 walidaiwa madeni yasiyo halali. Mwaka 2019 ilikubaliwa mahakamani kuwa mtindo ule haukuwa halali, na mwaka 2023 tume ya uchunguzi ikatoa taarifa kali dhidi ya waliohusika.

Mvuvi wa Saadani angeweza kuwaambia watu wa Australia kosa lao bila ya kuona kompyuta. Kipato cha bahari hakina wastani. Bamvua ni neema, kusi likivuma ni njaa. Ukimkuta siku ya bamvua ukamwandika tajiri, na ukamkuta siku ya kusi ukamwandika hohehahe, mara zote mbili umeandika ukweli wa siku moja na uongo wa mwaka.

Hapo tunajifunza jambo moja la msingi: kadiri masharti yanavyokuwa mengi, ndivyo makosa yanavyokuwa mengi. Ng'ambo ya bahari, Zanzibar, Serikali ilianzisha mwezi Aprili 2016 pensheni ya wazee wote waliofikisha miaka 70. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Hapo huulizwi una mabati au huna, una ng'ombe au huna. Unaulizwa umri na ukaazi wako, basi. Udanganyifu unaweza kuwapo hata hapo, lakini milango yake ni michache, na mzee haogopi kwamba siku mwanawe akimletea godoro atageuka mdaiwa wa Serikali.

Mpenzi msikilizaji, Katiba yetu, katika Ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa watu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ni kweli ibara hiyo iko katika sehemu ambayo huwezi kuipeleka mahakamani ukadai. Lakini Ibara ya 13 iko katika sehemu nyingine, nayo inasema mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kinginecho anastahili kusikilizwa kwa ukamilifu, na kukata rufani. Haisemi mtu tajiri. Inasema mtu.

Kwa hiyo orodha za walengwa zisomwe hadharani, kwenye mkutano wa kijiji na wa mtaa, mara kwa mara na siyo siku ya kuandikishwa tu. Fedha siku hizi hupita benki na kwenye simu, ni jambo jema, lakini simu haijui kuwa jirani amefiwa au amehama. Majirani wanajua. Mtu akiondolewa, aambiwe kwa nini, apewe siku za kujieleza. Akidaiwa, aonyeshwe hesabu. Na kila kaya moja inayodaiwa kurudisha, ioneshwe pia ni ofisa gani aliyeipitisha, naye amedaiwa nini. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kukamata wanywaji wa uji na kuwaacha wauza magunia.

Bibi yangu amekwisha tangulia mbele ya haki. Yule mtoto wa jirani, ambaye jina lake liliandikwa siku ile majina ya mjomba na mkewe yalipokatwa, sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Kila nikimwona namkumbuka balozi wetu na daftari lake. Alidai cha umma, akakipata, akampa aliyestahili, na alipoondoka bibi alimsindikiza hadi nje, akamwambia, "Karibu tena, mwanangu."

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.